Nyumba Njema si Mlango





Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, wazee wawili na mama mmoja wa WAWATA walinisubiri nje ya sakristia. Hawakuja kwa shari. Walikuja kwa heshima, na hoja yao walikuwa wameipanga vizuri: “Baba Paroko, wanafunzi wa chuo wanatuharibia mji. Wasichana wanakuja kanisani na nguo zisizostahili. Wavulana na wasichana wanapanga chumba kimoja na kuishi kinyumba. Usiku kucha ni muziki. Chuo ni cha Kanisa, nawe ni padre. Kawaambie wakuu wa chuo wakaze geti.”

Niliwaahidi kwamba nitajibu hapa, ili jibu langu lisiwe la faragha. Basi jibu ni hili: sitakwenda kuomba geti likazwe. Si kwa sababu nguo za staha hazina maana, wala si kwa sababu dhambi ya uzinzi imepungua uzito siku hizi. Ni kwa sababu nimechoka kuona neno “Katoliki” katika jina la chuo likigeuzwa kuwa kazi ya mlinzi wa getini. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo nawaomba tuingie ndani, tuone kama nyumba yetu ni njema.

Chuo chetu, ambacho sitakitaja jina kwa kuwa yatakayosemwa hapa si yake peke yake, ni chuo kidogo. Getini pana ubao mkubwa unaoeleza mavazi yanayokatazwa: sketi fupi, suruali za kubana, fulana zenye maneno, nywele za namna fulani. Mlinzi anaifanya kazi yake kwa bidii. Msichana aliyevaa vibaya anarudishwa akabadilishe. Lakini geti linajua kumzuia anayeingia tu. Halijui kumkosa asiyerudi. Na habari ninayotaka kuwasimulia ni ya mtu ambaye hakurudi.

Muhula mmoja uliopita palikuwa na binti wa mwaka wa pili aliyetoka mkoa wa mbali. Aliimba sauti ya kwanza katika kwaya yetu. Alipanga chumba katika nyumba ya mwamini mwenzetu, mwendo wa dakika 10 kwa miguu kutoka kanisani. Mkopo aliopata kutoka Bodi ya Mikopo ulikuwa wa sehemu tu ya ada. Sehemu iliyobaki ililipwa na baba yake kwa kuuza mahindi, na mwaka ule mvua zilikatika mapema. Wiki mbili kabla ya mitihani jina lake lilibandikwa ubaoni katika orodha ya wadaiwa wasioruhusiwa kuingia chumba cha mtihani. Alikwenda ofisi ya kwanza, akaelekezwa ya pili. Ya pili ikamrudisha ya kwanza. Hakuna aliyemtukana. Kila ofisa alimweleza utaratibu kwa upole na kumpa namba ya malipo.

Siku ya mtihani wa kwanza alibaki chumbani. Akabaki siku ya pili, na ya tatu. Tangu mwezi uliotangulia alikuwa akila mara moja tu kwa siku, jambo ambalo wanafunzi wenyewe huliita “pasi ndefu” na kulicheka ili wasililie. Mwishowe hata hiyo mara moja haikupatikana. Mwenye nyumba alidhani amesafiri. Kwaya ilidhani amebanwa na mitihani. Wenzake wa darasani walidhani amehamia chuo kingine. Nami, paroko wake, sikudhani chochote, kwa kuwa sikuwa hata nimegundua kwamba hayupo.

Siku ya tisa, jirani yake wa chumba, binti Mwislamu anayesoma chuo hichohicho, aligonga mlango mpaka ukafunguliwa. Alimkuta mwenzake hana nguvu ya kusimama. Akampikia uji, akakaa naye siku mbili, akapita vyumba vya jirani kuchangisha nauli. Yule mgonjwa akapanda basi akaenda kwao. Hadi leo hajarudi.

Mwezi mmoja baadaye simu yangu iliita. Alikuwa mama yake. Alipiga kunishukuru! Alidhani uji ule, wale watu waliokaa na mwanawe na nauli ile, vyote vimetoka parokiani. “Padre, Mungu awabariki kwa kumtunza mwanangu.” Nilimwuliza mwanawe ni nani. Akanitajia jina, na ilimbidi alitaje mara mbili, maana mimi nilimjua kama “yule wa sauti ya kwanza”. Ndugu zangu, nimesikia maungamo mengi katika miaka yangu ya upadre, lakini siku ile mimi ndiye niliyekuwa na la kuungama.

Sasa turudi kwa wale wazee wangu wapendwa. Mnaniomba chuo kiwe cha Kikatoliki zaidi. Naungana nanyi kabisa. Lakini Ukatoliki wa chuo unapimwa wapi?

Tumsikilize kwanza Mtakatifu John Henry Newman, ambaye Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa tarehe 1 Novemba 2025, na kumweka pamoja na Mtakatifu Thomas wa Akwino kuwa msimamizi wa elimu ya Kikatoliki. Kabla hajawa Mkatoliki, Newman alikuwa mwalimu mlezi katika chuo cha Oriel, huko Oxford. Alishikilia kwamba mwalimu mlezi ana dhamana ya kichungaji juu ya vijana aliokabidhiwa, wala hakuwekwa awafundishe tu na kuwapa alama. Mkuu wa chuo hicho, Edward Hawkins, hakukubaliana naye, na miaka ya 1830 ilipoanza aliacha kumpelekea wanafunzi wapya. Newman akapoteza kazi yake ya ulezi kwa ajili ya jambo hilo.

Miaka 20 hivi baadaye, maaskofu wa Ireland walipomwita aanzishe Chuo Kikuu cha Kikatoliki mjini Dublin, hakuwa amebadili mawazo. Katika mihadhara yake ya mwaka 1852 alisema jambo ambalo lingewashangaza wasimamizi wengi wa vyuo vyetu. Alisema kwamba kama angelazimishwa kuchagua kati ya chuo kinachotoa shahada kwa kila anayefaulu mitihani pasipo malezi wala maisha ya pamoja, na chuo kisicho na mitihani kabisa ila kinachowakutanisha vijana waishi pamoja kwa miaka mitatu au minne, angechagua hicho cha pili. Chuo kilipofunguliwa mwaka 1854 aliwapanga wanafunzi wake wachache katika nyumba ndogo ndogo, kila nyumba na padre wake na walezi wake, na nyumba mojawapo akaisimamia yeye mwenyewe, ingawa ndiye aliyekuwa mkuu wa chuo kizima.

Mtaniambia: Padre, hiyo ni Ulaya, tena ya zamani. Haya, tuje nyumbani kwetu Afrika Mashariki.

Tarehe 18 Oktoba 1993, maaskofu wa Uganda walifungua Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda pale Nkozi, kando ya barabara ya kwenda Masaka, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Kilianza na wanafunzi 84. Kati ya idara zake mbili za kwanza, mojawapo ilikuwa ya maadili na masomo ya maendeleo. Wanafunzi 84! Idadi hiyo ni ndogo kuliko kwaya zetu zote tatu zikiunganishwa. Huko Nyegezi, Mwanza, kazi ilianzishwa mwaka 1960 na Askofu Joseph Blomjous kama kituo cha mafunzo ya jamii, na ilichukua miaka 38 kabla ya kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki kilianza mwaka 1984 pale Langata, Nairobi, kikiwa taasisi ya juu ya maaskofu wa AMECEA. Wote hao walianza wadogo.

Na ni maaskofu haohao wa AMECEA ambao mwaka 1976 walikubaliana kwamba Kanisa katika nchi zetu lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo. Kwa nini ndogo? Kwa sababu katika jumuiya ndogo, mtu asipokuja watu huuliza. Akiugua hutembelewa. Akifiwa huliliwa pamoja. Jambo ambalo sisi walei na mapadre tunalifahamu vizuri mtaani, tumelisahau tulipoanzisha vyuo. Tunajenga vyuo vidogo, halafu tunatamani vifanane na vile vikubwa vya serikali, kana kwamba udogo ni ugonjwa wa kuponywa. Tunaongeza kozi, tunaongeza majengo, tunaongeza vichwa. Lakini kama chuo chetu kitakuwa nakala ndogo ya chuo kikubwa, mzazi ana haki ya kumpeleka mwanawe kwenye kile kikubwa, ambako ada ni nafuu na maktaba ina vitabu vingi zaidi. Chuo kidogo cha Kikatoliki kina jambo moja ambalo kikubwa hakiwezi kulitoa kwa urahisi: kila mwanafunzi kujulikana kwa jina na mtu mzima anayemjali. Kikilipoteza hilo, hakibaki na sababu ya kuwapo, hata ubao wa getini ukiandikwa kwa herufi za dhahabu.

Najua yapo majibu. Nayachukua moja baada ya jingine.

Kwanza, wapo wasemao: “Padre, chuo hakiendeshwi kwa huruma. Wahadhiri wana familia, umeme unalipiwa, asiyelipa hawezi kusoma.” Hoja hii ni ya kweli, nami siidharau. Chuo binafsi huishi kwa ada, na mhadhiri anayekaa miezi bila mshahara naye ni maskini anayelia mbele ya Mungu. Sisemi ada isidaiwe. Ninauliza ni nani anayemdai mwanafunzi, na anamdai vipi. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika hati yake Ex Corde Ecclesiae ya tarehe 15 Agosti 1990, ambayo ndiyo katiba ya vyuo vikuu vya Kikatoliki duniani kote, alifundisha katika namba 34 kwamba chuo kisaidie elimu ya juu iwafikie wote wanaoweza kufaidika nayo, hasa maskini. Katika namba 40 aliwataka wahusika wa utume chuoni kuwaamsha walimu na wanafunzi wawajibike kwa wanaoteseka kimwili au kiroho. Hayo hayawezi kutekelezwa na orodha iliyobandikwa ubaoni. Nadai jambo dogo tu: mwanafunzi yeyote asizuiwe kufanya mtihani kabla mtu anayemfahamu kwa jina hajaketi naye, akamsikiliza, akampigia simu mzazi wake na kuandika makubaliano ya kulipa. Saa moja tu ya mazungumzo. Chuo kisichoweza kumpa mwanafunzi wake saa moja kabla ya kumfungia mlango kinafanya biashara kama mwenye duka, na mwenye duka walau hatundiki msalaba juu ya kaunta.

Pili, wapo wasemao: “Wale ni watu wazima. Chuo kikuu si sekondari. Wahadhiri si mayaya.” Ni kweli kwamba ni watu wazima. Basi mbona tunawapima sketi getini kama watoto? Hatuwezi kuwaita watoto inapohusu nguo na kuwaita watu wazima inapohusu njaa. Tena, kujulikana si kulelewa kama mtoto mchanga. Mimi nina zaidi ya miaka 50, na bado nashukuru askofu wangu anaponiita kwa jina na kuniuliza kama nimelala vizuri.

Tatu, ninyi wazee wangu mwaniuliza: “Na ile dhambi ya kuishi kinyumba, unaifumbia macho?” Hapana, siifumbii. Lakini mmewahi kuuliza inaanzaje? Nimezungumza na wengi wao katika sakramenti na nje ya sakramenti. Wengine walianza kwa tamaa, naam. Lakini wengine walianza siku fedha za kujikimu zilipochelewa, ambazo wao huziita “bumu”, na kodi ya chumba ikafika, na mtu mmoja tu katika mji mzima akasema: njoo tugawane. Mtu huyo hakuwa padre. Hakuwa mhadhiri. Hakuwa mama mwenye nyumba. Tunapomwacha binti wa miaka 20 peke yake katika mji wa ugenini, halafu tukamshangaa kwa kushika mkono wa kwanza ulionyooshwa, tuna sehemu yetu katika dhambi hiyo.

Na hapa sasa nawageukia ninyi, waamini wa parokia hii, maana ni rahisi mno kukisema chuo. Vyumba wanavyopanga wale vijana ni vya nani? Ni vyetu. Nimehesabu katika jumuiya mbili tu zilizo karibu na chuo, nikakuta familia 14 za waamini zinazopangisha wanafunzi. Kodi ya miezi sita inachukuliwa kwa mkupuo. Nilipowauliza wenye nyumba majina ya wapangaji wao, wengi waliniambia: “yule wa chumba cha tatu”, “wale wa uani”. Kwaya yetu inawapokea kwa furaha inapotaka sauti za Pasaka, lakini wakati wa likizo hatuulizi wamelala wapi. Jumuiya zetu zinakutana kila wiki hatua chache kutoka milango yao, na hatujawahi kuwagongea. Kanuni ya 813 ya Sheria za Kanisa inamtaka askofu awe na uangalizi wa dhati wa kichungaji juu ya wanafunzi wa vyuo, hata kwa kuwaundia parokia au kuwawekea mapadre wa kudumu. Mapadre kwa ajili yao tupo. Nilikuwa mita mia chache tu kutoka kwa yule binti.

Injili ya Luka, sura ya 16, yatupa mfano wa tajiri na Lazaro. Katika mfano huo, maskini amepewa jina. Tajiri hakutajwa jina. Sisi hufanya kinyume: tunawajua kwa majina wenye vyeo na kuwaita maskini “yule”. Tena angalieni, Maandiko hayasemi kwamba tajiri alimpiga Lazaro, au alimfukuza, au alikiuka utaratibu wowote. Lazaro alilala mlangoni pake tu, na tajiri akaendelea kula. Pengine mlango ule nao ulikuwa na mlinzi mwenye bidii.

Basi, sitaki tafakari hii iishie katika maneno. Baada ya kushauriana na Halmashauri ya Walei, tumekubaliana haya.

Moja: kila jumuiya yenye nyumba za wapangaji wanafunzi itawapokea rasmi kama wanajumuiya, bila kuuliza kwanza dini ya kila mmoja, na itakuwa na daftari lenye majina yao na simu za wazazi wao. Asiyeonekana kwa siku tatu agongewe mlango.

Mbili: sadaka ya pili ya Dominika ya kwanza ya kila mwezi itakwenda kwenye mfuko wa chakula na nauli kwa wanafunzi walio katika dhiki. Hautakuwa mkubwa. Uji wa yule binti nao haukuwa ghali.

Tatu: mimi mwenyewe nitakuwa chuoni kila Alhamisi kuanzia saa 10 jioni, chini ya mwembe ulio kando ya maktaba, kwa yeyote anayetaka kuzungumza, awe Mkatoliki au asiwe.

Nne: nimemwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua, nikimwomba mambo mawili. La kwanza ni ile saa moja ya kumsikiliza mdaiwa kabla ya kumzuia mtihani. La pili ni kwamba kila mhadhiri akabidhiwe wanafunzi wachache wa kuwafahamu kwa majina, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, na aulizwe habari zao mwisho wa muhula kama anavyoulizwa alama zao. Chuo chenye idadi yetu kinaweza. Kikisema hakiwezi, nitakiuliza kwa nini basi tulikianzisha.

Na wale wazee wangu waliokuja sakristia, nawashukuru kwa dhati, maana bila ninyi nisingeandika haya. Nawaomba jambo moja. Dominika ijayo, mkimwona msichana wa chuo amevaa nguo isiyowapendeza, msimtazame nguo kwanza. Msogeleeni baada ya Misa, mwulizeni jina lake, anatoka wapi, na kama amekula. Mkishafahamiana, habari ya nguo mtaweza kuizungumza kama mzazi na mtoto, naye atawasikiliza.

Nimempigia simu yule binti mara mbili tangu wakati ule. Bado anamsaidia baba yake shambani. Deni lake chuoni si kubwa. Ni chini ya tulilotumia kukodi vyombo vya muziki siku ya somo wa parokia. Yule jirani yake Mwislamu bado yuko hapa, mwaka wa tatu, na nilipomtafuta kumshukuru aliniuliza: “Padre, atarudi lini?” Sikuwa na jibu la kumpa. Natamani kuwa nalo kabla muhula mpya haujafunguliwa, na kwa hilo nawahitaji ninyi.



Paroko wenu.